Alama ya kujumlisha pembeni ya 4G inajumlisha nini?

Wiki mbili zilizopita mama mmoja muuza samaki aliingia kibandani kwangu, Ngamiani, Tanga, kabla hata sijamaliza kupanga vifaa vyangu vya ufundi mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niangalizie hii simu. Niliambiwa ile ya zamani ndiyo inanichelewesha, ninunue ya 4G, nikanunua. Nikaambiwa bando langu dogo, nikaweka la mwezi mzima. Sasa ona hapa juu, imeandika 4G na alama ya kujumlisha. Lakini jana nimeanza kutuma video ya changu kwa mteja wangu wa Arusha tangu magharibi, mpaka isha inazunguka tu. Basi la Arusha likaondoka kabla mteja hajaiona, boksi langu la samaki likabaki."

Niliifungua simu, nikaipima, nikaifunga. Ilikuwa nzima. Ile alama nayo haikudanganya: mnara ulikuwa umempa kweli chaneli mbili, yaani njia mbili za mawimbi, kwa mpigo. Na video kweli haikwenda. Tunaolipia bando kila siku tunastahili kuelezwa inakuwaje yote mawili yakawa kweli, maana matangazo ya kasi yamekuwa mengi kuliko maelezo.

Tuanze na hewa yenyewe. Masafa ya redio ni mali ya umma, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayoyagawa. Kampuni ya simu haipati kipande kimoja kirefu ikatulia nacho. Inapata viraka, na kila kiraka kina historia yake. Cha megahezi 900 (namba hii inasema kiraka kilipo hewani, siyo upana wake) na cha 1800 vilianza na simu za sauti. Cha 2100 kilikuja na 3G. Vya 700 na 800 vilikuwa vya televisheni. Wanaokumbuka mapema mwaka 2013, Tanga ilipokuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuzimiwa mitambo ya analojia baada ya Dar es Salaam, watu wakahangaika kutafuta ving'amuzi, wajue kuwa hewa iliyoachwa na zile antena za juu ya mapaa ndiyo iliyokuja kupewa intaneti. Oktoba 2022 TCRA ikanadi viraka vingine, vya 700, 2300, 2600 na 3500.

Sasa, chaneli moja ya 4G haiwezi kuzidi upana wa megahezi 20. Kwa upana huo, simu yenye antena mbili na mnara wenye antena mbili, kwa ufungaji wa data uliozoeleka mwanzoni mwa 4G, kikomo cha kushusha, yaani kupokea data kutoka mtandaoni, ni kama megabiti 150 kwa sekunde. Chaneli ya megahezi 10 ni nusu yake. Kampuni yenye 20 huku na 10 kule ilikuwa kama mtu mwenye barabara mbili zisizokutana. Simu ilipangiwa moja ikabaki humo humo, hata ile nyingine ikiwa tupu.

Mwaka 2011 jumuiya ya viwango vya simu duniani, 3GPP, ilikamilisha toleo la 10 la viwango vyake, na humo ndimo iliporuhusiwa simu moja kupokea data kwenye chaneli hadi 5 kwa wakati mmoja, jumla megahezi 100. Toleo la 13 lilipandisha idadi hadi chaneli 32, ingawa hakuna simu ya mfukoni inayofika huko. Wa kwanza kuiuza huduma hii kwa wateja walikuwa SK Telecom wa Korea Kusini, Juni 2013. Walichukua megahezi 10 za kwenye 850 na 10 za kwenye 1800, wakazishona, wakapata ile 150 ambayo wengine waliipata kwa chaneli moja nzima ya 20. Kilichowasukuma ni uhaba: hawakuwa na kipande kimoja cha 20 kilichokaa pamoja.

Namna inavyofanya kazi ningeifananisha na machungwa ya Muheza. Mwenye shamba ana mzigo wa kupeleka Buguruni, Dar es Salaam. Anaweza kupita Segera na Chalinze, au akashika barabara ya pwani kupitia Pangani na Saadani mpaka Bagamoyo. Akiwa na malori mawili, anaandika namba kwenye kila gunia, anagawa mzigo, lori moja linapita bara na jingine linapita pwani. Kule sokoni yupo mtu wa kupokea. Yeye anapanga magunia kwa namba zake, na gunia la 7 likitangulia kabla ya la 6, analiweka pembeni mpaka la 6 lifike. Mtu huyo wa sokoni ndiye simu yako. Lazima awe na masikio mawili ya kusikiliza njia mbili kwa pamoja, na awe na mahali pa kuweka magunia yanayosubiri wenzake.

Katika njia hizo mbili, moja ni kuu. Maelekezo yote muhimu hupitia kwenye chaneli kuu: kuingia mtandaoni, kuhama mnara, kuambiwa ufungue au ufunge njia ya pili. Chaneli ya pili ni msaidizi tu. Mnara huifungua mzigo ukiwa mkubwa na kuifunga ukiwa mwepesi, kwa sababu kusikiliza njia mbili kunakula chaji. Ndiyo maana ile alama ya kujumlisha inakuja na kupotea. Kila wiki naletewa simu "mbovu" ambayo kosa lake ni hilo tu. Haina ubovu wowote.

Kwa nini wasiongeze nguvu ya mnara tu yakaisha? Mwaka 1948 Claude Shannon, Mmarekani, alionesha kwa hesabu kikomo cha taarifa zinazoweza kupita kwenye njia moja. Ukipanua njia mara mbili huku ubora wa mawimbi ukibaki vile vile, uwezo nao unakuwa mara mbili. Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata nyongeza kidogo tu, na kadiri unavyozidi kuongeza ndivyo faida inavyozidi kupungua. Upana ndio unaolipa, na upana ndio uliokatwakatwa viraka. Ushonaji huu haukubuniwa kwa ajili ya matangazo. Ulikuwa wa lazima.

Viraka navyo havifanani tabia. Usiku wa harusi Makorora, ukiwa mitaa mitatu mbali, unasikia ngoma inavyodunda kifuani lakini zumari huisikii mpaka usogee. Mawimbi ya 700 na 800 ni ngoma. Yanafika mbali, yanapenya ukuta. Ya 2600 na 3500 ni zumari. Ingia kwenye nyumba za kale za Pangani, zile za kuta nene za mawe na chokaa, utaona wenyewe wanaweka simu dirishani. Ngoma inaingia ndani, zumari linabaki barazani. Lakini viraka vya chini ni vyembamba, na vya juu ndivyo vipana. Kipana hakifiki, kinachofika hakina nafasi.

Hapa ndipo kuunganisha chaneli kunakofanya kazi ambayo mimi naithamini kuliko kasi. Mtu yuko Kigombe, njia ya Pangani, mbali kidogo na mnara. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, kwa hiyo hata mawimbi yake ya juu yanamfikia mtu huyo kwa unyonge. Shida ni jibu. Kikomo cha kawaida cha simu ni kama miliwati 200, sehemu ya tano ya wati moja, na sauti yake kwenye mawimbi ya juu hairudi mnarani. Mawasiliano ya upande mmoja hayafai kitu, hivyo simu inaachana na kiraka kipana na kujibana kwenye chembamba. Zikiunganishwa, simu inajibu kwa ngoma na kupokea kwa zumari. Kiraka kipana, ambacho kingeishia karibu, kinamfikia mtu wa mbali zaidi. Kwa mkoa wenye vijiji vilivyotawanyika kuanzia mwambao mpaka miteremko ya Usambara, hilo ni jambo kubwa kuliko megabiti za kwenye bango.

Turudi kwa mama yetu na changu wake. Video yake ilikuwa inapanda, haishuki. Ile alama ya kujumlisha, kwenye mitandao mingi, inahusu kushusha. Upande wa kupandisha, simu hubaki na chaneli moja, na hata ikiruhusiwa mbili, zile miliwati 200 inabidi zigawanywe, kila njia ipate pungufu. Akiwa amesimama kwenye soko la samaki la Deep Sea, boksi miguuni, simu yake inapokea kwa barabara mbili lakini inatuma kwa kichochoro. Na anayetuma si yeye peke yake. Dalali wa viwanja anatuma video, seremala anatuma picha ya kitanda alichomaliza, mwalimu anatuma somo, binti anayeuza madera anarusha picha kwenye makundi kumi ya WhatsApp. Biashara ndogo za Tanga siku hizi zinakula kwa kutuma. Sijawahi kuona tangazo hata moja linalotaja kasi ya kutuma.

Kisha kuna jambo ambalo matangazo yanalificha kabisa. Kuunganisha chaneli hakuongezi shamba. Tuseme mnara una chaneli ya 20 na ya 10, jumla megabiti 225 mambo yakiwa mazuri kabisa. Alfajiri, ukiwa peke yako, ukiunganishiwa unaweza kuzigusa zote 225. Bila kuunganishwa ungeishia 150. Faida ipo, inaonekana. Sasa ifike saa mbili usiku. Watu 30 wanashusha kwa pamoja. Bila kuunganisha, 20 wako kwenye chaneli pana na 10 kwenye nyembamba, kila mmoja anapata megabiti 7 na nusu. Ukiwaunganishia wote 30 chaneli zote mbili, gawanya 225 kwa 30. Ni 7 na nusu ile ile. Maisha halisi hayakai sawa hivyo, na kuna nyakati chaneli moja inafurika huku jirani yake ikipiga miayo. Hapo kuunganisha kunasawazisha mzigo, na anayemaliza haraka anawapisha wenzake. Hilo silipuuzi. Ila mnara uliojaa ni mnara uliojaa, na alama yoyote itakayochorwa pembeni ya 4G haitaubadilisha.

Nilijaribu mwenyewe, kwa simu yangu, nikiwa nimesimama pale pale alipokuwa anasimama yule mama. Nilichukua video ya dakika moja. Alfajiri, wavuvi wa usiku wakiwa ndio wanateremsha samaki, iliondoka kabla sijairudisha simu mfukoni. Jioni yake, baada ya swala ya magharibi, nikaituma tena ile ile. Muuza kahawa alinimiminia kikombe, nikakinywa taratibu na kashata, nikaongeza cha pili, nacho nikakimaliza. Ndipo alama ya tiki ikatokea. Mara zote mbili juu ya kioo paliandikwa 4G na kijumlisho chake, bila tofauti hata kidogo.

Nyuma ya mnara nako kuna mambo. Mnara wenyewe lazima uunganishwe na dunia, ama kwa mkongo wa nyaya za nuru uliofukiwa ardhini, ama kwa sahani ya mawimbi ya maikro inayotazamana na mnara mwingine. Kama njia hiyo ya nyuma ni finyu, unaweza kushona chaneli tatu mbele na zote zikakwama kwenye mlango mmoja. Watu husema mvua ikinyesha mtandao unasumbua, na mafundi wengine huwacheka. Hawastahili kuchekwa. Mawimbi ya simu yenyewe hayaogopi mvua kwa kiasi cha maana, lakini zile sahani zinazotumia masafa ya juu sana, kuanzia kama gigahezi 10 kwenda mbele, huumizwa kweli na mvua kubwa ya masika. Umeme nao ukikatika, mnara unaishi kwa betri na jenereta. Na zaidi ya hapo kuna nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilikwama, na simu zetu zikaendelea kutuonesha mnara uko hewani.

Kuhusu simu nitasema kidogo. Modemu ni kifaa cha ndani ya simu kinachoongea na mnara, nazo hupangwa kwa makundi ya uwezo. Za kundi la 4, ambazo bado zinafungwa kwenye simu za bei ya chini na kwenye vifaa vya waifai vya mfukoni, zina kikomo cha megabiti 150. Kundi la 6 ndilo linalofika 300 kwa kuunganisha chaneli mbili za 20. Zaidi ya hapo, simu inaweza kuijua 800 na kuijua 1800 lakini isijue kuzichanganya, kwa kuwa kila modemu ina orodha yake ya michanganyiko. Simu zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani zinaumiza watu hapo: kule viraka ni vingine. Unanunua simu ya gharama, kamera yake ya ajabu, halafu kwenye mnara wa Chumbageni inashikilia kiraka kimoja tu. Kabla hujatoa pesa, uliza namba kamili ya toleo la simu hiyo uitafute, maana simu mbili zenye jina moja na rangi moja zinaweza kuwa na redio tofauti.

Na 5G? Chaneli yake moja, kwenye masafa kama ya 3500, inaweza kuwa na upana wa megahezi 100. Kile ambacho 4G inakipata kwa kushona viraka vitano, hii inakipata kwa kitambaa kimoja. Lakini hilo ni zumari lile lile, na nje ya katikati ya mji litahitaji ngoma ya kulibeba, kwa hiyo kushona kutaendelea.

Hoja yangu iko hapa. TCRA hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na ni kazi nzuri. Tunajua idadi ya laini, tunajua watumiaji wa intaneti, tunajua asilimia ya wananchi wanaofikiwa na 4G. Ila neno "kufikiwa" linaficha mengi. Mtu wa mjini mwenye mnara wa chaneli tatu na mtu wa kijijini mwenye mnara wa chaneli moja ya megahezi 5 wanahesabiwa sawa. Wote wamefikiwa. Wote wanalipia bando kwa bei moja. Kampuni ilinunua masafa kwa ajili ya nchi nzima, lakini masafa huwashwa mnara kwa mnara, na kiraka ambacho hakijawashwa kwenye mnara wako kwako wewe hakipo. Hakuna cha kuunganisha.

Ninachotaka si kigumu. Kwa kila kata, kampuni iseme ni megahezi ngapi zimewashwa, kwenye masafa gani, na mnara umeunganishwa nyuma kwa mkongo au kwa sahani. Iseme kasi ya kushusha na ya kutuma saa mbili usiku, siyo ile ya alfajiri mtu akiwa peke yake. Taarifa hizo wahandisi wao wanazo. Mitambo huzihesabu yenyewe saa kwa saa. Kanuni za ubora wa huduma tunazo na mdhibiti tunaye. Mtu wa Mzingani akiweza kuona kwamba kampuni moja imewasha megahezi 10 kwenye mnara wake na nyingine 40, atachagua laini kwa macho yaliyofunguka, na ile kampuni ya 10 itajua ameona. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao, unapotoa ruzuku ya minara ya vijijini, uandike upana kwenye mkataba, kwa kuwa mnara unaosimama na chaneli moja nyembamba utajaa mwaka ule ule vijana wa kijiji watakapopata simu janja.

Najua jibu litakalokuja: hizo ni siri za kibiashara. Sikubali. Mnara unaonekana kwa macho, mawimbi yake yanapimika kwa simu yenye programu ya bure, na mshindani mwenye gari na kompyuta anaweza kuzunguka Tanga nzima kwa siku mbili akajua kila kilichowashwa. Asiyejua ni mteja peke yake.

Yule mama nilimpunguzia ukubwa wa video kwenye mipangilio ya kamera, nikamwonesha asimame upande wa barabarani, mbali na mabanda ya mabati, sehemu ambayo simu yake inauona mnara bila kizuizi. Imesaidia kiasi. Nilipokutana naye juzi aliniambia zinakwenda, siku nyingine upesi, siku nyingine mpaka basi limeshawasha taa. Siku hizi, jioni kabla ya kufunga boksi, ananunua mfuko mmoja wa barafu wa ziada, kwa ajili ya usiku ambao video itachelewa.